Nyumba imejaa watu, mzee bado yuko peke yake: tuongee kuhusu sonona ya wazee wetu hapa Nairobi

Mtembea_Mitaa
Habari zenu wanabaraza. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Eastlands, mmoja wa wale mnaowaona wakipita ploti kwa ploti na begi la kupimia presha na sukari. Kuna jambo ambalo vifaa vya lile begi haviwezi kupima, na nalikuta mara nyingi mno kulinyamazia.

Unabisha mlango, unauliza kama kuna mzee. "Yuko ndani, lakini siku hizi ni wa kulala tu." Unaingia. Presha si mbaya, sukari imetulia. Lakini anakula vijiko viwili anasukuma sahani, na usiku hapati usingizi hadi alfajiri. Anakutajia mgongo, magoti, tumbo, kichwa, na kila akipelekwa kliniki anarudi na vidonge vya maumivu. Watoto wanakuambia ni uzee. Ukikaa naye kidogo, ukaweka fomu kando, ndipo linatoka: "Mimi hapa nangoja siku yangu tu, nisisumbue watu."

Huo si uzee. Uzee unapunguza mwendo na macho. Mtu anayeamka kila siku bila hamu ya chakula, ya salamu wala ya wajukuu, wiki baada ya wiki, huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake ni sonona. Una matibabu.

Sasa hoja yangu, na mnaruhusiwa kuipinga. Familia nyingi za Nairobi zinawajali wazee wao sana, ila zinawajali kwa namna inayowageuza wageni. Mama anatolewa ushago baada ya baba kufa, analetwa gorofa ya nne Pipeline au Umoja. Mtoto anatoka saa kumi na moja asubuhi kuwahi matatu, anarudi saa tatu usiku. Msichana wa kazi anapika, anafua, anapiga deki. Mama akishika ufagio ananyang'anywa: "Pumzika mathe, umefanya kazi ya kutosha." Mwanamke huyu kule kwao alikuwa mweka hazina wa chama, anaitwa kwenye mahari, anajua ng'ombe wa nani amezaa. Hapa hata chakula cha jioni haamui yeye. Halafu tunashangaa amenyamaza.

Watafiti wa mambo haya hutenganisha msaada wa mikono na pesa, msaada wa moyo, na msaada wa habari na ushauri. Wameona pia kwamba kinachomkinga mtu zaidi na sonona ni kuamini kuwa siku akipatwa na jambo ana mtu wa kumwendea. Hilo lina uzito kuliko wingi wa msaada anaopokea. Unaweza kumlipia mzee kila kitu na imani hiyo asiwe nayo.

Nyumbani kwenu mnaona nini?

---

Kijana_wa_Rongai
Boss, hizi ni shida za wazungu. Shosho yangu amezika watoto watatu na mpaka leo anashika jembe. Hakuna mtu aliwahi kumwambia ati ako na sonona. Hao wa Umoja wanataka kubembelezwa tu. Mkawapeleka Mathari, kwa wagonjwa wa akili, sasa?

---

BintiMajengo
Rongai, pole kwa msiba wa shosho, lakini jibu lako umelitoa mwenyewe: bado anashika jembe. Ana shamba linalomngoja asubuhi.

Mie nimelelewa Majengo, Pumwani. Babu alipofariki, bibi alikaa eda miezi minne na siku kumi kama inavyotakiwa. Watu wanadhani eda ni upweke, lakini ndani ya kipindi kile nyumba haikukauka watu. Asubuhi huyu kaja na chai ya tangawizi, jioni yule kaja na mkeka, wanasoma Yasini, wanacheka mambo ya ujana wao. Bibi alilia, akala, akalala.

Eda ilipokwisha ndipo balaa lilipoanza. Kila mtu alijua muda umekwisha, kwa hiyo naye "amekwisha". Mama na wajomba wakakubaliana kuuza cherehani yake kwa kuwa macho yamechoka. Aliyekuwa akishona majuba ya mtaa mzima akawa wa kukaa kizingitini. Akaanza kusahau majina, tukaambiana ni akili za uzee hizo. Daktari mmoja mzee ndiye aliyemuuliza, "Bibi, unafurahia nini siku hizi?" Bibi akasema, "Sina." Neno moja tu. Alipewa dawa, akapangiwa mtu wa kuongea naye, na mama akaambiwa amtafutie kazi. Sasa hivi anafundisha watoto wa jirani juzuu amma, ukimwambia apumzike anakufukuza.

---

Muuguzi_Zamu
Nimefanya wodi na kliniki za nje miaka mingi, niseme machache kabla uzi haujaingia kwa mapepo na laana.

Mzee hatakuambia "nina huzuni". Atakuambia mwili unauma, tumbo limejaa, hana nguvu. Ndiyo maana kuna kipimo cha maswali 15 kilichotengenezwa kwa ajili ya wazee katika miaka ya 1980. Majibu ni ndiyo au la. Waliokitunga waliacha kwa makusudi maswali ya maumivu ya mwili, kwa sababu mwili wa mzee unauma hata akiwa na furaha. Kinauliza: je, umeridhika na maisha yako? Umeacha shughuli nyingi ulizokuwa ukifanya? Unahisi maisha yako ni matupu? Unapenda kubaki nyumbani kuliko kutoka? Unajiona huna thamani? Alama 5 kwenda juu ni dalili kwamba achunguzwe vizuri. Chenyewe hakitoi hukumu, kinabisha mlango tu.

BintiMajengo amegusa kusahau. Sonona ya uzeeni huiga ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na familia nyingi huanguka hapo. Mwenye sonona mara nyingi hulalamika mwenyewe kwamba amesahau, na ukimuuliza swali hujibu "sijui" kwa kukata tamaa. Mwenye ugonjwa wa kumbukumbu mara nyingi hajioni na tatizo, hubuni jibu au hukwepa swali, na ni familia inayoshtuka. Sheria hii haishiki kila mahali, na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Apimwe.

Na apimwe mwili pia. Tezi ya shingo ikifanya kazi polepole, mtu hulegea na kununa kama mwenye sonona. Vitamini B12 ikipungua, vivyo hivyo, na wazee waliotumia metformini ya sukari kwa miaka mingi wako kwenye hatari hiyo. Kiharusi chenyewe huleta sonona. Usimpe mtu ushauri nasaha miezi sita kumbe ni tezi.

Kuhusu Mathari: ile hospitali imekuwepo tangu 1910 na watu bado wanaitaja kama matusi. Sonona nyingi hazihitaji kulazwa popote. Hospitali ya Kenyatta kuna kliniki, na hospitali nyingi za kaunti zina mhudumu wa afya ya akili. Anza na daktari yule yule anayemwona kwa presha.

---

Mkaza_Mwana
Naomba niongee kwa upande ambao huwa hauulizwi. Mimi ndiye mkaza mwana. Mama mkwe analala chumba cha watoto, watoto wanalala sebuleni. Mume wangu na ndugu zake wanne walikutana, wakapanga, wakasali, wakaamua mama aje kwetu. Mimi nilikuwa jikoni nikiwapikia.

Mtembea, unasema tunawanyang'anya wazee ufagio. Sawa. Lakini akianguka na ufagio, nani ataitwa? Wifi yangu mmoja yuko Doha, anatuma pesa na kupiga simu ya video Jumapili, anamwambia mama "ukikosewa niambie". Mwingine yuko Kitengela, ukimwomba akae na mama wikendi moja, gari limeharibika. Mimi nimeacha kibanda changu cha mboga. Silali. Nimeanza kuogopa sauti yangu mwenyewe ninavyomjibu. Na yeye anajua nimechoka, anakaa kimya zaidi ili asinichokeshe, na ule ukimya wake ndio unaonimaliza.

Sasa nani hapa ana sonona, yeye au mimi?

---

Muuguzi_Zamu
Dada, inawezekana ninyi wote wawili. Mlezi wa mgonjwa wa muda mrefu yuko kwenye hatari kubwa ya sonona, na mlezi akilemewa mgonjwa naye hudidimia. Wewe nenda ukapimwe kwa jina lako, usiende kama "anayemleta mama".

---

Mtembea_Mitaa
Mkaza_Mwana, asante kwa kuandika haya. Nilikuwa nimetazama nyumba kutoka mlangoni, wewe umetuingiza jikoni. Mzee mmoja kuwa na mlezi mmoja si msaada wa familia, hata kama ndugu ni watano. Hao ndugu hawakugawana mzigo, waligawana maoni. Kikao kingine kiitwe, nawe ukae mezani. Kila mmoja ataje siku yake: nani anampeleka kliniki, nani anamchukua wikendi gani, nani analipa mtu wa kukaa naye ili wewe urudi kibandani. Pesa za Doha zilipe huyo mtu.

Na wewe Rongai, hebu soma hii kuhusu shida za wazungu. Mwaka 2006, Harare, mtaa wa Mbare, daktari wa akili Dixon Chibanda hakuwa na wauguzi wala vyumba vya kutosha. Alichokuwa nacho ni bibi 14 waliokuwa wakijitolea kwenye afya ya jamii. Akawafunza namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kutatua jambo moja baada ya jingine, wakakaa kwenye benchi nje ya kliniki. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wao yalichapishwa: watu 573 katika kliniki 24. Baada ya miezi 6, waliopitia benchi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango wa Kiafrika, umebuniwa na Mwafrika, na umeenea hadi nje ya bara.

Mimi kinachonivutia zaidi ni wale bibi. Wao ndio waliokuwa wakitoa msaada. Mara nyingi tukisema "wazee wasaidiwe" tunawawekea mikono ya kupokea tu, na mtu anayepokea mwaka mzima bila kutoa huanza kujihesabu kuwa mzigo.

---

Kijana_wa_Rongai
Sawa, hiyo ya Harare sikuwa najua. Lakini bado nasema kuna wazee wanaigiza. Guka yangu akitaka soda anakuwa mgonjwa 😂

---

Mama_Kayole
Mnunulie soda basi, kwani ni bei ya shamba?

Mimi nataka kuongea juu ya pesa kwa sababu mmeipita haraka. Kwa ploti yetu kuna shosho analea wajukuu wanne, mama yao alikufa. Huyo hana upweke wa gorofa ya nne, nyumba ni kelele tupu. Analia kwa sababu ya karo na unga. Akifika miaka 70 mzee anaweza kuandikishwa Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kusaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi. Shilingi 2,000 Nairobi! Chumba chenyewe cha mabati hakilipiki na hiyo. Lakini muulize ile siku imeingia. Ananunua sukari, analipa deni la duka, anamtuma mjukuu dukani kwa sauti. Siku hiyo yeye ni mwenye nyumba. Kwa hivyo mkisema kazi na heshima, kumbukeni pia kuwa na kitu kwa mkono. Mzee hapendi kuomba pesa ya sadaka.

Na watoto wenye kutuma M-Pesa bila kupiga simu, mnajijua.

---

Mstaafu_wa_Reli
Nimesoma kuanzia juu. Nina miaka 74, na mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha baraza hili, kwa hiyo mkiona makosa ya uchapaji mlaumuni yeye.

Nilifanya kazi reli, nikaishi nyumba za reli Makongeni. Wakati wetu mtu alistaafu akiwa na miaka 55. Serikali iliongeza hadi 60 mwaka 2009, sisi tulikuwa tumeshakwenda. Mtu wa reli alikuwa anaishi kwa saa. King'ora kikilia unajua wapi pa kuwa, na watu wanakungoja, kwa sababu usipofika gari moshi halitoki. Ukistaafu unapewa saa ya ukutani. Sijui nani aliwaza zawadi hiyo kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi.

Nilirudi nyumbani Vihiga na mke wangu. Alipofariki, watoto walinirudisha Nairobi kwa upendo, siwezi kusema vingine. Chumba kizuri, runinga, dawa za presha hazikosi. Mchana wote niko na runinga. Jioni wanafika wamechoka, kila mtu na simu yake. Wananiuliza, "Baba umeshindaje?" Nasema vizuri. Ningesema nini? Kwamba nilihesabu ndege kwenye waya wa stima?

Nikaanza kulala mchana. Chakula kikawa kama karatasi. Nguo nikavaa zile zile. Kuna siku nilifikiri mambo ambayo sitayaandika hapa, vijana wanasoma.

Kilichonisaidia kwanza ni dawa, na nasema hivyo kwa sababu naona wengine hapa wanazungumza kana kwamba mazungumzo pekee yanatosha. Wiki za mwanzo hazikufanya kitu, nikataka kuzitupa. Daktari akasema nivumilie, kwa watu wa umri wangu zinachelewa. Baadaye usingizi ukarudi, halafu chakula. Nilipopata nguvu za kutoka ndipo mambo ya watu yalipokuja. Kama mngenipeleka kwa watu kabla, ningekaa hapo nikiwa maiti.

Sasa kila mchana natembea hadi chini ya mti mmoja karibu na soko, tunacheza drafti kwa vizibo vya soda. Kuna fundi viatu, kuna mwalimu mstaafu, kuna Mkamba mmoja mwongo sana lakini hashindiki. Tukiona mtu hajaja siku mbili, tunamfuata nyumbani. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Wanangu wananipenda, lakini hawawezi kuwa rika langu. Hawakumbuki ninachokumbuka. Nikitaja jina la mtu aliyekufa mwaka 1979, pale chini ya mti kuna anayesema "aah, yule!"

Jambo la mwisho kwa watoto. Msituulize tumeshindaje. Tuulizeni tufanye nini. Mwanangu alipokuja siku moja na kesi ya ploti aliyouziwa kwa hila, akaweka karatasi mbele yangu na kuniuliza, "Baba, wewe ungefanyaje?" nilikesha nikizisoma kwa furaha.

---

BintiMajengo
Shikamoo mzee wangu. Umeandika tukanyamaza. Huyo Mkamba mwongo naomba umsalimie.

---

Mstaafu_wa_Reli
Marahaba binti. Salamu nitampa, ila atasema nimezibuni.

---

Wakili_Mtaani
Mzee, heshima yako.

Niingize la sheria. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinataja haki za wazee: kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa, na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia na dola. Wengi wanakumbuka matunzo tu. Ona lakini kwamba kushiriki kumetajwa kwanza.

Sasa swali gumu ambalo sisi Wakenya hulikimbia: makao ya wazee. Kasarani kuna Nyumba ya Wazee ya masista wa Little Sisters of the Poor, na kaunti ina Mji wa Huruma kule upande wa Runda. Ukisema unampeleka mzazi huko, ukoo unakulaani. Mimi nimekaa na wazee wa makao hayo, na wapo waliokuwa na marafiki wengi kuliko waliokuwa nao kwa watoto wao. Wapo pia walioketi dirishani wakitazama geti. Kinachotofautisha ni kama mzee alichagua mwenyewe au alipakiwa kwenye gari akiambiwa anaenda kliniki.

---

Mkaza_Mwana
Wakili, ukimtajia mume wangu jambo hilo atanirudisha kwetu. Lakini nimelisoma mara mbili.

---

Mtembea_Mitaa
Mkaza_Mwana, kabla ya makao kuna kitu cha katikati ambacho sioni tukikijenga hapa mjini: pa kushinda mchana. Makanisa na misikiti ina kumbi tupu Jumatatu hadi Ijumaa. Mzee aletwe asubuhi, wanywe uji, wapimwe presha, washone, wabishane siasa, warudi jioni. Mlezi naye anapata saa zake. Kule Korogocho kuna shosho waliokuwa wakikutana kufanya mazoezi ya kujikinga na wahalifu, na wakikutana vile wanajuana, wanaulizana. Haikuhitaji jengo jipya.

Mchanganuo mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 ulikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000 na kuona kwamba wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai kwa takriban asilimia 50. Serikali ikipewa dawa yenye nguvu hiyo ingeweka foleni. Kumbi zinabaki na kufuli.

Ila nisiuze hadithi nyepesi. Mshale unapiga pande zote mbili. Upweke huleta sonona, na sonona humfanya mtu akimbie watu, ajibu kwa ukali, akatae wageni, hadi wageni wachoke. Ukisikia "huyo mzee amejitenga mwenyewe", huenda ni kweli, na huenda ndiyo dalili yenyewe. Mzee wetu wa Reli amelieleza vizuri kuliko mimi.

---

Fundi_Stima
Sijawahi kuandika hapa. Mzee wangu ako ushago, tumemrudisha baada ya hospitali. Ndugu yangu amenipigia jana anasema mzee amegawa kuku wote, ameita jirani akamwonyesha mahali pa kuzikwa, na anasema asante kwa kila mtu. Watu wanasema anajiandaa kama wazee wa zamani. Mimi moyo haujatulia. Nikimuuliza wazi si nitampa hiyo wazo?

---

Muuguzi_Zamu
Hutampa. Kumuuliza mtu wazi hakupandi wazo, kunampa mahali pa kulitua. Mpigie leo, umuulize kwa lugha ya nyumbani: "Baba, umefikia hatua ya kuwaza kujitoa uhai?" Usizungushe. Akisema ndiyo, uliza kama ameshapanga jinsi. Ndugu yako aondoe dawa za shambani na za mifugo, kamba, na vidonge vilivyobaki, na mzee asilale peke yake. Halafu apelekwe hospitali, asingoje wiki ijayo. Wewe mwenyewe ukikwama, Msalaba Mwekundu wana laini ya bure, 1199.

Wazee wa kiume ndio wenye viwango vya juu zaidi vya kujiua katika nchi nyingi, na hawatishii sana kabla. Wakifanya, mara nyingi wamekusudia. Kugawa vitu na kushukuru kila mtu inaweza kuwa desturi ya mzee aliyetulia, lakini mzee aliyetulia anakula na analala. Uliza hayo mawili pia.

---

Wakili_Mtaani
Fundi, na usiogope polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Mpeleke hospitali, umweleze daktari ukweli wote.

---

Fundi_Stima
Nimepiga. Amekaa kimya muda mrefu halafu akaniambia usingizi umepotea tangu hospitali na hataki kuwa mzigo wetu. Kuhusu kujiua amesema "nimewaza". Ndugu anampeleka asubuhi, usiku huu analala naye chumba kimoja. Mimi napanda gari ya usiku kutoka stendi ya Machakos Country Bus. Asanteni.

---

Mstaafu_wa_Reli
Ukifika, kijana wangu, usianze na mahubiri. Kaa naye nje. Umwambie ni kitu gani bado unamhitaji nacho, kitu cha kweli, si cha kumfurahisha. Sisi tunajua tofauti.

---

Mama_Kayole
Mungu akutangulie Fundi. Utuambie umefikaje.

Muuguzi, swali langu. Shosho wa kwetu kapewa vidonge vya amitriptilini na duka la dawa, anavimeza jioni. Analala vizuri lakini asubuhi anayumba, na juzi alianguka chooni.

---

Muuguzi_Zamu
Hiyo ni dawa ya zamani, bei nafuu, na inafanya kazi. Lakini kwa mzee inakausha mdomo, inafunga choo, inashusha presha akisimama ghafla, na inaweza kumchanganya akili. Kuanguka ni ishara ya kutosha kumrudisha kwa daktari. Asiikate mwenyewe siku moja, aende wampunguzie au wambadilishie. Hata zile mpya daktari huanza kwa dozi ndogo kwa wazee na wakati mwingine hupima chumvi ya damu, maana inaweza kushuka. Duka la dawa lisiwe ndilo daktari.

---

Kijana_wa_Rongai
Swali la ukweli sasa, bila mzaha. Guka yangu tukiwa tumekaa sote anatoka anaenda kukaa chumbani. Tunaongea, tunacheka, yeye anaondoka. Ukiongea naye peke yake anaongea poa sana, hata anachekesha. Hiyo ni sonona ama ni nini?

---

Muuguzi_Zamu
Kwanza angalieni masikio yake. Mzee anayesikia vibaya humfuata mtu mmoja aliye karibu vizuri, lakini watu sita wakiongea pamoja runinga ikiwa juu anapotea kabisa. Akicheka anacheka kwa kubahatisha, akijibu anajibu lingine, mnamcheka, basi anajiondoa. Anakuwa mpweke kati yenu, na kutoka hapo kwenda sonona si mbali.

Mpeleke kliniki watazame kama ni nta tu, maana mara nyingine ni nta na anatoka hapo akisikia. Usimchokonoe na kijiti cha pamba. Kama si nta, apimwe usikivu. Usimnunulie kifaa cha kando ya barabara. Wakati mnangoja, zimeni runinga mkiwa naye, mkae upande anaosikia vizuri, na muongee mmoja mmoja mkimtazama usoni. Akianza kukaa nanyi tena, mmepata jibu. Akiendelea kujitenga hata akisikia, rudi hapa na yale maswali 15.